Nani akae kando ya kitanda? Historia ya ndugu wa mgonjwa katika chumba cha mahututi

Agosti 1952, hospitali ya Blegdam jijini Copenhagen, Denmark, ilikuwa imezidiwa. Polio ilikuwa ikipooza misuli ya kupumua ya watoto na vijana, na mashine za kuwasaidia kuvuta pumzi zilikuwa za kuhesabu. Katika wagonjwa 31 wa kwanza waliohitaji msaada huo, 27 walifariki. Tarehe 27 ya mwezi huo, daktari wa dawa ya usingizi, Bjørn Ibsen, aliitwa kumhudumia binti wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Akaagiza koo litobolewe na mrija upitishwe, kisha akampulizia hewa kwa kubana mfuko wa mpira kwa mkono, jinsi alivyozoea kufanya kwenye chumba cha upasuaji. Binti akanusurika.

Njia ilikuwa imepatikana, lakini ilihitaji mikono. Hospitali ikawaita wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu usiku na mchana, kila mmoja akibana mfuko kwa ajili ya mgonjwa aliye mbele yake. Kuna siku wagonjwa 70 walikuwa wakipumulishwa kwa mkono kwa wakati mmoja. Vifo vikashuka kutoka zaidi ya asilimia 80 hadi takriban 40. Mwishoni mwa 1953, katika hospitali nyingine ya jiji hilo, Ibsen akafungua chumba cha wagonjwa wa kuangaliwa saa zote, wakiwamo waliotoka kwenye upasuaji. Wengi wanaoandika historia ya tiba hukitaja kuwa chumba cha kwanza cha mahututi duniani.

Tiba hiyo ilianza na binadamu aliyekaa kando ya kitanda bila kubanduka. Miaka michache baadaye, vyumba vilivyofuata mfano wa Copenhagen vikawazuia mlangoni watu ambao wangekaa hapo kwa moyo kuliko wengine wote, yaani mama, mume, mtoto, ndugu. Nasimulia jinsi ilivyotokea kwa sababu milango mingi ya vyumba hivyo bado ni migumu kufunguka, hata huku kwetu, ilhali sababu zilizoifunga zimekwisha kupimwa na nyingi hazikusimama.

Saa moja Jumatano

Kufungwa kwa milango kulitangulia mashine. Hospitali za Ulaya za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ziliogopa maambukizi, na zilikuwa na sababu: antibiotiki hazikuwapo, na surua au dondakoo ikiingia wodini iliua. Mgeni alihesabiwa kuwa mbeba vijidudu. Baadaye hofu hiyo ikageuka desturi, na desturi ikabaki hata dawa zilipopatikana.

Mwaka 1949 zilikusanywa taratibu za hospitali kubwa za London kuhusu kuwaona watoto waliolazwa. St Bartholomew's iliruhusu wazazi Jumatano, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 9 na nusu. Westminster iliwapa saa moja Jumatano na saa moja Jumapili. St Thomas's haikuruhusu kabisa katika mwezi wa kwanza, ila mzazi aliweza kumtazama mwanawe kati ya saa 1 na saa 2 usiku, akiwa amelala. Wauguzi waliamini wanafanya wema, kwa kuwa mtoto akimwona mama hulia, na asipomwona hunyamaza. Ukimya huo ulichukuliwa kuwa dalili kwamba mtoto ametulia.

Mama kama kinga

Pingamizi moja la mapema lilitoka mbali, kwa madaktari wa upasuaji. Henry Pickerill na mkewe Cecily, wataalamu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, waliendesha hospitali ndogo iitwayo Bassam huko Lower Hutt, New Zealand. Wagonjwa wao wengi walikuwa watoto wachanga waliozaliwa na mdomo wazi au kaakaa lililopasuka. Upasuaji wenyewe waliumudu. Kilichowasumbua ni maambukizi yaliyoruka kutoka kitanda hadi kitanda mikononi mwa wahudumu na kuharibu vidonda vilivyokwisha kushonwa vizuri.

Wakajaribu jambo ambalo hospitali kubwa zililiona haliwezekani: kila mama alazwe na mwanawe katika chumba chao, amlishe, amwoshe na kumbembeleza mwenyewe baada ya upasuaji, akishafundishwa na wauguzi. Mwaka 1945 waliandika katika jarida la tiba la Lancet kwamba njia hiyo imekomesha maambukizi ya wodini. Hoja ilikuwa nyepesi kuelewa. Mama anamgusa mtoto mmoja tu, na vijidudu vyake mtoto amekwisha kuvizoea. Mtu aliyefukuzwa kwa jina la usafi ndiye aliyeuleta.

Uingereza nayo ikatikiswa na filamu. Mwaka 1952, James Robertson wa kliniki ya Tavistock alimrekodi msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo wa ngiri ya kitovu. Hakuna tukio la kutisha ndani yake. Kinachoonekana ni mtoto anayejikaza, anayemuulizia mama yake, na ambaye siku zinavyopita anazidi kufifia uso. Madaktari wengi walioitazama mara ya kwanza walikasirika, wakasema mtoto aliyechaguliwa si wa kawaida. Lakini wengine walirudi wodini na kuanza kuutazama upya ule ukimya waliokuwa wakiusifu. Mwaka 1959, kamati ya serikali iliyoongozwa na daktari wa upasuaji wa mifupa, Harry Platt, ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote, na mama wa watoto wadogo wapewe nafasi ya kulala hospitalini.

Ushindi huo ulikuwa wa watoto. Watu wazima walibaki na saa zao za kuhesabu, na aliyekuwa mahututi alipata chache kuliko wote.

Dakika tano kila saa

Katika muongo wa 1960, vyumba vya mahututi vilienea haraka Marekani na Ulaya. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia alikuwa amefanikiwa kupasua moyo huku mashine ikichukua kazi ya moyo na mapafu, na upasuaji wa namna hiyo ulipozidi kukua, wagonjwa wake walihitaji kuangaliwa dakika kwa dakika. Vitanda vilisongamana, waya na mirija vikajaa, taa hazikuzimwa. Ndugu alionekana anaziba njia. Iliaminika pia kwamba mgonjwa kuonana na mkewe au mwanawe kungeushtua moyo uliotoka kushonwa. Katika hospitali nyingi za Marekani, ndugu wa karibu waliingia kwa dakika 5 au 10 tu kila saa.

Ndani ya vyumba hivyo likaibuka tatizo ambalo mikasi na nyuzi hazikulieleza. Wagonjwa waliotoka salama kwenye upasuaji wa moyo walianza kuweweseka siku chache baadaye: kuona vitu visivyokuwapo, kusahau walipo, kung'oa mirija, kuwashuku wauguzi kwamba wanataka kuwaua. Mwaka 1965, daktari wa akili Donald Kornfeld na wenzake wa New York waliripoti kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu wazima waliowachunguza walipatwa na hali hiyo. Mbali na athari za upasuaji wenyewe, walinyooshea kidole mazingira: usingizi unaokatizwa kila mara, kelele za mashine zisizobadilika, chumba kisichotofautisha usiku na mchana. Ni mazingira ambamo sauti ya mtu unayemfahamu, akikutajia siku, mahali ulipo na habari za nyumbani, ina kazi kubwa.

Muuguzi aliyeuliza

Kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza ndugu wenyewe wanahitaji nini. Mwaka 1979 Nancy Molter, muuguzi wa Marekani, alichapisha utafiti mdogo uliobadilisha mjadala. Aliwapa ndugu 40 wa wagonjwa mahututi orodha ya mahitaji 45, wayapime kwa uzito. Lililoongoza lilikuwa kujua kwamba kuna matumaini. Yalifuata mengine ya aina hiyo: kuona kwamba wahudumu wanamjali mgonjwa wao, kuelezwa ukweli kwa lugha inayoeleweka, kupigiwa simu nyumbani hali ikibadilika. Raha zao wenyewe waliziweka chini kabisa. Utafiti huo umerudiwa katika nchi nyingi, na majibu yamefanana mno.

Bado swali la madaktari lilikuwa halali: je, mgonjwa hadhuriki? Jibu zuri lilitoka Florence, Italia, mwaka 2006. Chumba kimoja cha wagonjwa mahututi wa moyo kilibadilisha utaratibu kwa vipindi, mara ndugu waingie kwa muda mfupi uliopangwa, mara waingie wapendavyo. Katika wagonjwa 226 waliofuatiliwa, vijidudu kwenye hewa na vifaa viliongezeka kipindi cha mlango wazi, lakini wagonjwa hawakuambukizwa zaidi. Matatizo makubwa ya moyo na mzunguko wa damu ndiyo yaliyozidi kipindi cha mlango kufungwa, kwa takriban maradufu. Moyo uliodhaniwa ungeshtuka kwa kuwaona wapendwa ulitulia zaidi walipokuwapo.

Utafiti mkubwa zaidi ulifanyika Brazil, matokeo yakatoka 2019: vyumba 36 vya mahututi, wagonjwa 1,685, ndugu wakiruhusiwa hadi saa 12 kwa siku baada ya kupewa mafunzo. Haki inadai tuseme yote. Kuweweseka hakukupungua kwa kiwango cha kuridhisha. Lakini maambukizi hayakuongezeka, na ndugu waliokaa walikuwa na wasiwasi na sonona kidogo kuliko waliozuiwa. Hilo si dogo, kwa kuwa mgonjwa akitoka hospitalini anarudi mikononi mwa watu haohao. Tayari mwaka 2017 chama cha madaktari na wauguzi wa wagonjwa mahututi cha Marekani kilikuwa kimependekeza ndugu wapewe nafasi ya kuwa kitandani kwa utaratibu ulio wazi au unaonyumbulika.

Mwaka 2020 UVIKO-19 ukaifunga milango tena, na duniani kote watu waliaga dunia huku ndugu wakiwatazama kwenye simu iliyoshikwa na muuguzi. Hofu ya maambukizi safari hii ilikuwa ya kweli. Lakini uchungu ulioachwa na miezi ile ulidhihirisha gharama ya kufunga mlango.

Huku kwetu

Afrika Mashariki, ndugu hawajawahi kuondoka hospitalini. Ndio wanaoleta uji na supu, wanaomgeuza mgonjwa, wanaotafuta dawa na wachangia damu. Hukomea kwenye mlango wa mahututi. Hapo shangazi aliyemuuguza mgonjwa wiki nzima wodini huambiwa asubiri saa ya kuona wagonjwa, achungulie, atoke.

Wauguzi wana hoja zao: vyumba ni vidogo, zamu zina watu wachache, na ukoo mzima ukifika kwa pamoja kazi husimama. Lakini ushahidi kwamba inawezekana umetoka nyumbani pia. Tanzania ilishiriki, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021. Watoto wachanga wenye uzito kuanzia kilo 1 hadi pungufu ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa, na mama akakaa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu saa zote. Vifo katika siku 28 za kwanza vilikuwa asilimia 12.0, ikilinganishwa na 15.7 kwa waliotunzwa kwa njia ya kawaida. Nchi iliyomwingiza mama katika chumba hicho inaweza kumwingiza pia mke wa aliyepasuliwa moyo au baba wa kijana aliyepasuliwa kichwa baada ya ajali ya bodaboda.

Familia ichague mtu mmoja au wawili wa kupokezana. Wafundishwe kunawa mikono, waelezwe kila mrija una kazi gani na kengele ya mashine ina maana gani, waambiwe wapi pa kumgusa mgonjwa na lini watoke nje. Hospitali haihitaji kusubiri fedha za mashine mpya kuanza haya. Inahitaji kiti, maji na sabuni, na muuguzi aliyepewa muda wa kueleza.