Kutoboa na Kukwangua

Chombo kinachofanya kazi kubwa katika mkoba wa mchongaji wa maboga makubwa huko Marekani si kisu wala msumeno. Ni kitanzi cha waya bapa kilichotiwa mpini, ndugu wa kile ambacho wafinyanzi hukwangulia udongo mbichi. Kisu kipo, na msumeno huletwa panapotakiwa kufunguliwa tundu, lakini saa nyingi hupita mchongaji akikwangua tu, utepe baada ya utepe, mpaka pua, kope na mikunjo ya paji la uso vitokeze. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba sanaa hii ilizaliwa watu walipopata zana bora kuliko kisu cha jikoni. Nadhani maelezo hayo yameanzia mkiani. Kitanzi cha mfinyanzi kilikuwapo muda mrefu kabla ya mtu yeyote kukigusisha boga. Kilichochelewa ni boga lenye nyama ya kutosha kukwanguliwa, nalo lililetwa na wakulima waliotaka uzito, si sura.

Taa ya boga ilianza kwa tanipu. Huko Ireland watu walikomba tanipu, wakaitoboa macho na meno, wakatia moto ndani majira ya kuamkia Novemba 1. Jumba la makumbusho la taifa la nchi hiyo limehifadhi nakala ya plasta ya tanipu moja ya namna hiyo kutoka Donegal, na uso wake unatisha kuliko maboga mengi ya leo. Wahamiaji wa karne ya 19 waliovuka Atlantiki walikuta boga la kawaida la shambani, Cucurbita pepo, zao ambalo wenyeji wa Mexico walikuwa wamelilima kwa maelfu ya miaka. Boga hilo lina uwazi mkubwa tumboni na ukuta mwembamba, hivyo hukombeka upesi kuliko tanipu, lakini halimpi mchongaji nafasi ya jambo jingine ila kutoboa. Sura yake hujengwa kwa kile kilichoondolewa, na mwanga ndio unaochora. Ukijaribu kukwangua kina, mara umetokea upande wa pili.

Hapa mtu anaweza kunipinga kwa mfano wa Pumpkin Masters, kampuni iliyoanza mwaka 1986 kuuza vimisumeno vyembamba pamoja na karatasi za michoro, ikawawezesha hata watoto kuchonga ngome na paka weusi. Si zana iliyobadili sanaa hapo? Ilibadili, lakini ndani ya ua uleule. Matundu yakawa madogo, mengi na yenye kingo safi, yakabaki matundu. Huko Uswisi ukwanguaji ulijulikana vizuri bila msaada wa kampuni yoyote: Richterswil, kando ya ziwa la Zurich, kila Novemba watu hukomba tanipu, kisha humenya ganda lake kwa michoro ya nyota na maua, nyama iliyobaki ikapitisha mwanga kama kioo cha rangi. Mbinu wanayo, ila tanipu ni ndogo, kwa hiyo kazi yao hubaki juu juu ya ganda. Na mfano wa karibu nasi zaidi ni kibuyu cha Ukambani. Kikishakauka, ukuta wake ni mwembamba na mgumu kama mbao, na fundi, hata akiwa na mkono mwepesi kiasi gani, huchora nakshi juu ya ganda, maana hakuna kina cha kuchimba.

Boga kubwa ni la spishi nyingine, Cucurbita maxima, yenye asili ya Amerika ya Kusini. Mkulima William Warnock wa Goderich, Ontario, alipeleka boga la kilo 181 kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, na mwaka 1904 akapeleka la kilo 183 huko St. Louis. Rekodi hiyo ya pili ilikaa kwa zaidi ya miaka 70, ikavunjwa mwaka 1976 Pennsylvania kwa boga la karibu kilo 205. Ndipo akaja Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, aliyetumia miaka mingi kuchavusha maua kwa mkono na kuchagua mbegu. Mwaka 1981 boga lake lilifika karibu kilo 224, na mbegu zake, zilizopewa jina la Atlantic Giant, zikasambaa mpaka Ulaya. Majitu karibu yote ya mashindano ya leo yana damu ya mbegu hizo, pamoja na lile la kilo 1,247 lililoshinda Half Moon Bay, California, mwaka 2023.

Katika hadithi hii ya uzito kuna kipengele ambacho naona kina maana kuliko rekodi zenyewe. Boga likiwa bado shambani, wakulima hupima mzingo na mikato ya juu yake kwa utepe, kisha husoma katika jedwali kilo zinazotarajiwa. Siku ya mizani, mengine huonekana mazito kuliko jedwali lilivyosema, na mbegu za hayo ndizo zinazogombewa. Sasa boga la umbo lilelile linawezaje kuzidi uzito? Kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa na ukuta mnene. Kwa hiyo, kizazi baada ya kizazi, wakulima walikuwa wakichagua unene wa nyama bila kumfikiria mchongaji hata kidogo.

Pingamizi zito ni la Warnock mwenyewe. Ikiwa boga la kilo 183 lilikuwapo mwaka 1904, kwa nini halikuchongwa kinyago? Jibu langu ni kwamba kitu cha pekee hakizai ufundi. Boga la maonyesho lilikuwa ajabu ya kutazamwa na ghala la mbegu, na hakuna ambaye angekubali fundi ajifunzie makosa juu yake. Ufundi unahitaji maboga ya kuharibu. Mbegu za Dill na mashindano yaliyoenea baada yake yalileta wingi huo.

Pingamizi jingine lina ukweli zaidi, nami nalikubali nusu. Ray Villafane, mwalimu wa sanaa wa Michigan aliyekuja kufinyanga sanamu za mashujaa wa vitabu vya katuni, ndiye aliyewazoesha Wamarekani kuona boga lenye misuli na meno yaliyooza, na televisheni ilimbeba. Mkono wake haukuota kwenye mmea wa boga. Lakini ushauri wake kwa anayeanza hutangulia zana: chukua boga zito kwa ukubwa wake. Mwaka 2011, katika bustani ya mimea ya New York, alichonga jitu la takriban kilo 825. Hapo mchongaji huanza kwa kumenya ganda, akatenga matuta makubwa ya uso, kisha akazama palipo na kivuli: chini ya nyusi, kando ya pua, ndani ya midomo. Hana haja ya mshumaa. Taa ya pembeni inatosha, kwa kuwa kinachoonekana sasa ni kivuli. Adui yake ni maji. Nyama hukauka na kunywea ikiachwa wazi, hivyo hunyunyiziwa na kufunikwa plastiki, na bado kinyago huanza kuoza baada ya siku chache.

Windsor kwenyewe, mwaka 1999, yalianza mashindano ambamo maboga hayo yalikombwa yakawa mitumbwi ya kupiga kasia ziwani Pesaquid, na hapo unene huohuo uligeuka mzigo. Boga hujaribiwa kwanza majini ionekane litalala upande gani, sehemu ya juu ikakatwa kwa msumeno, kisha nyama ya ndani ikapunguzwa ili mpiga kasia apate pa kukalia na chombo kisizidiwe na uzito wake. Anayekwangua mtumbwi hajali sura. Anatafuta mahali ambapo ukuta umebaki mwembamba wa kutosha kuwa mwepesi, na mnene wa kutosha kutopasuka likigongana na boga la jirani.