Tarishi wa Nyaya

Mtu ajengapo nyumba siku hizi, naye akataka kila chumba kiwe na waya wa mtandao, fundi huzikusanya nyaya zote mahali pamoja na kuzichomeka katika kisanduku chenye matundu. Kisanduku hicho ndicho swichi ya mtandao. Hakina mapambo, na wenye nyumba wengi hukinunua mwisho, fedha zikiwa zimekwisha kwa rangi na mapazia. Hata hivyo, kabla ya kupatikana kwake watu walivumilia miaka 17 ya kelele.

Mwaka 1973, huko Palo Alto katika jimbo la California, Marekani, Robert Metcalfe na David Boggs walikuwa wakifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Xerox. Haja yao ilikuwa kuziunganisha kompyuta za maabara hiyo, ili zote zipate kuitumia mashine moja ya kupigia chapa. Metcalfe alikuwa amesoma habari za Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako kompyuta za visiwani zilizungumza kwa redio, nyingi katika mawimbi yale yale. Akaufuata mfano huo, ila badala ya hewa akatumia waya mmoja uliopita kwenye kompyuta zote. Mtandao huo akauita Ethernet.

Kompyuta iliyotaka kusema ilisikiliza kwanza. Waya ukiwa kimya, ilisema. Mbili zikianza pamoja, maneno yao yaligongana. Basi zote zilinyamaza, kila moja ikangoja muda wa kubahatisha, kisha ikajaribu tena. Ni adabu njema, nayo yatosha barazani penye wazee watano. Je, wakiwa mia? Tena waya ulikuwa mmoja: ukikatika popote, mtandao wote ulisimama. Fundi alitambaa chini ya meza na kurunzi yake akitafuta kiungo kilicholegea, na ofisi nzima ikimngoja.

Katika miaka ya 1980 mafundi walianza kuuacha waya ule mmoja, wakatumia nyaya nyembamba zilizosokotwa mbili mbili, mfano wa zile za simu, kila moja ikitoka katika kompyuta yake hadi kwenye kitovu. Sasa waya ukikatika, aliyeumia ni mwenyewe tu. Lakini kitovu hakikuwa na akili. Neno lililoingia kwa tundu moja kililipaza kwa matundu yote.

Mwaka 1990 kampuni ya Marekani iitwayo Kalpana ilitoa swichi ya Ethernet. Tayari zilikuwapo mashine zilizounganisha mitandao miwili kwa werevu wa namna hiyo, bali Kalpana iliutia werevu huo katika kila tundu. Swichi ni kama tarishi mgeni mjini. Barua ya kwanza hajui aipeleke wapi, hivyo hubisha hodi milango yote. Lakini kila atumaye barua, tarishi huliandika jina lake na mlango wake. Baada ya hapo humwendea mwenyewe tu, na wengine huzungumza wakati huo huo bila kugongana. Mwaka 1994 kampuni ya Cisco iliinunua Kalpana.

Nyumbani, basi, hesabu nyaya za vyumba, ongeza tundu moja la kifaa kiletacho intaneti, kisha uache matundu kadhaa ya akiba. Mwenye nyaya saba akinunua swichi ya matundu manane atajuta mwaka haujaisha. Kamera zikihitaji kupata umeme kwa waya ule ule wa mtandao, itafutwe swichi iwezayo kuutoa, nao utoshe kamera zote. Swichi za ofisini mara nyingi zina feni, nazo huvuma usiku kucha. Ya nyumbani afadhali isiwe nayo.

Mahali pa kuifunga pawe katikati ya nyumba, kwa kuwa waya mmoja hautakiwi kupita mita 100. Wengine huificha darini, chini ya mabati. Huko joto la mchana huiua polepole. Ukuta mkavu wenye hewa wafaa zaidi. Swichi kubwa hufungwa katika fremu ya chuma yenye upana wa inchi 19, kipimo walichokitumia mafundi wa simu kabla ya kompyuta kuwapo. Na kila waya uandikwe jina la chumba chake, pande zote mbili, kabla mpaka rangi hajafika.