Wachungaji wa Meru na Chuo cha Limuru

Wamethodisti walifika Meru, mashariki ya Mlima Kenya, mwaka 1912, miaka hamsini baada ya wenzao kutua pwani. Upande wa pili wa mlima, huko Tumutumu katika nchi ya Nyeri, Wapresbiteri walikwisha kuweka kituo chao. Kila kanisa lilihitaji wachungaji wenye elimu, na walimu wa kuwafundisha walikuwa haba.

Chuo kilipatikana mbali. Shule ya Waanglikana, iliyoanzishwa Frere Town mwaka 1903, ilikuwa imehamia Limuru mwaka 1930. Mwaka 1955 Wamethodisti na Wapresbiteri wakajiunga nayo, kikawa chuo kimoja cha umoja cha Mtakatifu Paulo. Naona uamuzi huo ulikuwa bora kuliko kujenga vyuo vitatu dhaifu. Hata hivyo ulikuwa na gharama: kijana wa Meru aliacha shamba na jamaa zake, akasoma theolojia kwa Kiingereza, ndipo arudi kuihubiri kwa Kimeru.

Baadaye mafunzo ya kanisa huko Meru yakakusanywa, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, kilichopata hati mwaka 2006. Tangu hapo Mmeru aweza kusomea theolojia nyumbani. Bali si lazima akutane darasani na Mpresbiteri wa Tumutumu.