Mahari ni ya Nani? Neno Moja katika Ndoa za Kiislamu na za Kikristo

Neno mahari hutumiwa na Mwislamu wa Lamu na Mkristo wa Nyeri pasi na mmoja wao kushuku kwamba mwenzake ana maana nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hili limebeba desturi mbili zisizofanana, na kwamba tofauti hiyo yamhusu hasa mwanamke, ndoa inapovunjika au mume anapofariki.

Yafaa tuanze na asili ya neno. Mahari ni neno la Kiarabu, mahr, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania mohar. Katika Agano la Kale, mohar ni mali apewayo baba wa binti. Shekemu, alipomtaka Dina, aliahidi kuwapa baba yake na ndugu zake kiasi chochote watakachomtajia (Mwanzo 34). Kurani ilileta hukumu nyingine. Sura ya 4, aya ya 4, yawaamuru waume wawape wanawake wenyewe mahari yao, iwe hidaya. Aya ya 20 ya sura hiyo yamkataza mume atakaye kubadili mke asitwae tena alichompa yule wa kwanza, hata kikiwa mali nyingi. Kwa hukumu hiyo, mwenye mahari ni mke, wala si baba yake.

Waswahili wa pwani, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, waliihifadhi tofauti hiyo katika lugha yao. Kando ya mahari walikuwa na kilemba, ambacho ni haki ya baba, na mkaja, ambao ni haki ya mama. Mkaja ni kitambaa ajifungacho mwanamke tumboni baada ya kuzaa, na jina lenyewe lakumbusha taabu za mzazi. Basi kila mali ilikuwa na jina lake na mwenyewe. Ndoa husihi kwa walii, mashahidi wawili na tamko la ijabu na kabuli. Mahari huwa deni la mume kwa mkewe, lilipwe papo hapo au liahirishwe. Mume akifa hajalilipa, mke hulidai katika mali iliyoachwa kabla warithi hawajagawana. Na mke akitaka kujivua kwa khului, yeye mwenyewe ndiye hurudisha mahari, jambo linalothibitisha kwamba yalikuwa mali yake.

Huku bara mambo yalikuwa mengine. Wakikuyu, kwa mfano, wana ruracio: mbuzi, ng'ombe na vinginevyo vitolewavyo na upande wa mume kwa wazazi wa binti. Shabaha yake ilikuwa kuunganisha koo mbili na kuthibitisha kwamba watoto ni wa ukoo wa baba. Ndoa ikivunjika, mume aliweza kudai kwa mkwewe sehemu ya mali aliyoitoa. Hapo ndipo tofauti inapodhihirika: katika desturi ya kwanza mume ndiye mdaiwa na mke ndiye mdai, katika ya pili mdai ni mume, na mdaiwa ni baba wa mke. Mke mwenyewe hana analodai.

Kiswahili kilipoenea bara kwa njia ya shule, misheni na serikali, ruracio na desturi nyingine za namna hiyo zikaitwa mahari. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 nayo ililitumia neno hilo kwa mohar ya Waebrania. Kilemba na mkaja havikusafiri pamoja nalo. Hivyo watu wa bara walilipokea neno la Waislamu wa pwani, wakalipa maana iliyo karibu zaidi na ile ya Agano la Kale.

Kanisa kwa upande wake halikuweka mahari katika ibada ya arusi. Msingi wa ndoa ya Kikristo ni agano: nadhiri za hiari za mume mmoja na mke mmoja hadi kifo, uhusiano ambao Waefeso 5 yaufananisha na ule wa Kristo na Kanisa. Hata hivyo, wazazi wengi Wakristo hawakukubali binti afike madhabahuni kabla ya mali kutolewa nyumbani. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1931 kuhusu ndoa za Waafrika Wakristo ilitamka kwamba mjane hafungwi kukaa na ndugu wa marehemu mumewe, ijapokuwa mali ilikwisha tolewa.

Watawala wenyewe hawakuielewa mali hiyo. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba mwanamke aliyeolewa kwa mila hakuwa mke machoni pa sheria, kwani muungano huo ulifanana zaidi na ununuzi wa mke. Kwa hiyo ushahidi wake dhidi ya mumewe ukakubaliwa. Kiungo cha koo mbili kilihesabiwa kuwa bei.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za namna tano, zikiwamo za Kikristo, za Kiislamu na za kimila. Katika ndoa ya kimila inayohitaji mahari, kiasi kidogo tu kikitolewa chatosha kuwa ithibati. Ndoa ya Kiislamu imeachiwa kanuni za dini yake, ambazo Kadhi huzitumia.

Kwa hiyo ni wajibu wa watungaji wa kamusi kuzitenga maana hizi mbili, na wa walimu kuyafufua maneno kilemba na mkaja, ambayo yangeifaa sana mali wapewayo wazazi. Vivyo hivyo kwa wakalimani wa mahakama: mwanamke aulizwapo kama mahari yamelipwa, ni haki yake kujua kama anaulizwa juu ya mali yake au juu ya mali ya baba yake.