Inasumbua

Mwambie mtu wa Kigoma kwamba inite zako zimeisha, atakupa pole ya kulala gizani. Kwake yeye uniti ni za umeme, zile anazoingiza kwenye mita ya LUKU. Kwetu Bukavu inite ni za simu: zikiisha, taa inaweza kuwa inawaka vizuri tu, ila huwezi kumpigia mtu. Wa Nairobi naye huishiwa tokeni. Jina linabadilika kila ukivuka mpaka. Kitenzi kinabaki kilekile: zimeisha.

Sisi wapenzi wa istilahi tumekesha miaka mingi tukigombania majina ya vitu. Kompyuta au tarakilishi? Printa, kichapishi, au imprimante kama tunavyosema huku? Ni ugomvi mtamu, sikatai. Lakini ingia katika sekretaria piblik yoyote ya Bukavu, kile chumba chenye kompyuta mbili tatu, mashini ya fotokopi na kijana mwenye vidole vyepesi, ambako wanafunzi huleta kazi zao za mwisho wa masomo zikiwa zimeandikwa kwa mkono ili zipigwe chapa, zitolewe na kufungwa kitabu. Utaona kwamba jina la mashini halina uzito wowote pale. Kila kitu ni “mashini”. Kinachotajwa kwa makini ni kile mashini inachofanya, na zaidi kile inachokataa kufanya.

“Papa, ngoja kidogo, mashini iko nasumbua.”

Mzanzibari atakunja uso kwa hiyo “iko nasumbua”, lakini ataelewa papo hapo, kwa sababu hata kwao mtandao unasumbua. Dar es Salaam unasumbua, Mombasa unasumbua, na hapa Bukavu, ambako mtandao ni “rezo”, rezo nayo inasumbua. Sijui kama kuna chombo chochote cha serikali kilichowahi kukaa kikao kupitisha neno hili. Lilikuwapo tayari, likitumiwa kwa watoto watundu, tumbo lililochafuka na mtu anayekudai. Simu na kompyuta zilipokuja, zilipangwa tu katika foleni hiyohiyo ya wasumbufu.

Fundi halipendi neno hili, na ana haki. Halisemi kama wino umekwisha, waya umelegea au kirusi kimeingia. Linashtaki bila kueleza kosa. Lakini kwa mwenye duka ni neno la thamani, kwani linamtoa yeye katika lawama: si mimi ninayekuchelewesha, ni huyu. Nalo linampa mteja matumaini, maana anayesumbua leo anaweza kutulia baada ya dakika tano.

Chini ya kusumbua kuna ngazi nzima, na watu wa sekretaria huishuka kwa usahihi ambao kamusi ingeuonea wivu. Kompyuta ikiganda, wanasema imekwama. Hapo kaa, subiri. Ikigoma, kuna kubembeleza: inazimwa, inawashwa, inapigwa kofi dogo ubavuni. Imprimante ikila karatasi, kifuniko kinafunguliwa na karatasi inavutwa polepole isije ikachanika ndani. Ikisemwa imekufa, chukua makaratasi yako uende duka la pili. Na hata hiyo “imekufa” si mwisho wa mambo. Ni kazi ya fundi mwingine, yule anayetoa kipuri katika mashini moja iliyokufa na kukipachika katika nyingine iliyokufa. Mteja hodari hasikilizi jina la kifaa hata kidogo. Anasubiri kitenzi, kisha anaamua aketi, aende kunywa chai au arudi kesho.

Nikirudi kwenye istilahi za vitabu, naziona zikigawanyika kwa mstari huuhuu. Kipakatalishi, kwa mfano. Ni neno lililoshonwa vizuri: kupakata, kama mama anavyompakata mtoto, kisha kipande cha tarakilishi. Nalipenda. Lakini kompyuta za aina hiyo katika maduka yetu hazipakatwi na mtu. Betri zake zilichoka zamani, kwa hiyo zimekaa mezani, zimefungwa kwa waya kwenye stabilizatere, yaani kile kisanduku kizito kinachozuia umeme unaopanda na kushuka usiunguze kila kitu. Anayejaribu kuipakata ataizima. Neno limesifu raha ambayo kifaa hakiwezi tena kuitoa.

King'amuzi ni kisa kingine. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, mamilioni ya watu walihitaji kwa haraka jina la kisanduku walicholazimika kukinunua. Neno lilitoka katika kung'amua, kutambua kilichofichika, na likashika mara moja, kuanzia kwa muuza duka hadi kwa waziri. Huku kwetu tunasema dekodere, lakini sijawahi kuona Mkongomani aliyehitaji kufafanuliwa king'amuzi mara mbili. Kitenzi kilichomo ndani kinajieleza chenyewe. Baobonye, yaani kibodi, nalo lina kitenzi ndani yake, bonyeza, ila hakuna aliyewahi kusimama dukani akihitaji neno hilo ili apate huduma. Neno lisilo na dharura hukauka.

Na kwa kuwa nimeitaja kibodi, kuna usumbufu mmoja ambao Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, pamoja na kazi yake yote tangu mwaka 1967, halijawahi kuulizwa. Sisi tulifundishwa kupiga chapa kwa mpangilio wa Wafaransa, AZERTY. Kompyuta nyingi zinazotufikia kupitia nchi jirani za mashariki zimepangwa kwa Kiingereza, QWERTY. Mpiga chapa wa Bukavu hatazami vidole vyake, vinajua njia. Anaandika “kwa”, kwenye kioo inatokea “kzq”. Anaandika “bwana”, inatokea “bzqnq”. Mfaransa angeumia kidogo tu, ila Kiswahili kimejengwa kwa A, na kila sentensi imejaa wa, kwa na ya, kwa hiyo kurasa zetu huharibika vibaya kuliko za Kifaransa. M nayo ipo mahali pengine, basi “mama” anageuka kuwa nukta-mkato na q zikifuatana. Programu ikiwa bado imewekwa katika Kifaransa, yale machache yaliyoandikwa sawasawa yatapigiwa mstari mwekundu chini, kana kwamba lugha nzima ni kosa. Hali hii haina jina, na sijasikia mtu akilitafuta. Mpiga chapa anasema tu “klavye inanidanganya”, kisha anafuta na kuanza upya.

Kuna kiambishi kimoja ambacho, kwa maoni yangu, kimebeba zaidi ya istilahi zote hizi. Umeme una majina mengi: Tanzania ni umeme, Kenya ni stima, neno lililotokana na mvuke wa Waingereza, na Bukavu ni kuran, au kwa wengine moto, kama majirani zetu wa Rwanda wanavyouita umuriro. Ukizimika, kote huko utasikia “wamekata”. Wa-. Kuna watu. Mfaransa anasema kuna délestage, jambo limetokea, halina mtendaji. Sisi tunajua kuna mkono. Wa nani? Hatusemi. Ni wao.

Sasa, Bukavu hao “wao” wana sura ya kuchekesha. Umeme wetu unatoka mto Ruzizi, unaotoka ziwa Kivu kando kabisa ya mji na kushuka hadi Tanganyika. Kituo cha kwanza, Ruzizi I, kimekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na cha pili, kinachogawiwa na Kongo, Rwanda na Burundi, tangu 1989. Ziwa husukuma kuelekea huko kila kilichotupwa ndani yake na mvua ilichokisomba kutoka milimani: chupa za maji, za soda, ndala, mifuko. Takataka hizo huziba njia ya maji kwenye mitambo, na umeme hupungua. Kwa hiyo aliyekata huenda ni mtu wa Kadutu, hapahapa mjini, aliyetupa chupa mferejini wiki iliyopita, na huenda ndiye huyuhuyu aliyesimama sekretaria na fleshi mkononi, akinung'unika kwamba wamekata tena.

Nasi tuna neno pacha la hilo, ambalo husemwa kwa sauti kubwa zaidi, wakati mwingine mtaa mzima kwa pamoja: “Wamerudisha!” Hapo kiambishi kina haki kamili. Kwenye bwawa kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni kuopoa plastiki hiyo majini, chombo baada ya chombo, ili mitambo izunguke. Hao ndio “wa-” wa kurudisha. Mashini zinawaka, feni zinaanza kuvuma, na kijana wa sekretaria tayari anamwambia anayefuata kwamba imprimante, samahani mama, iko nasumbua.