UZI: "Sisi hatukuchafua hewa" ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili hii hapa

1/ Mjadala wa mazingira ukipamba moto hapa Kenya, hakosi mtu wa kusema: "Hewa waliichafua Wazungu, sisi tuacheni tujenge nchi." Upande wa pili nao hujibu kwa kuwaambia wananchi wapande miti, basi. Mimi naona pande zote mbili zinakwepa swali moja. Wacha nianze na historia, mtaamua wenyewe.

2/ Hoja ya kwanza ina ukweli. Kabla ya viwanda kushamiri Uingereza, kila chembe milioni moja za hewa zilikuwa na kama 280 za gesi ya kaboni. Leo zimepita 420. Gesi hiyo hutokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pia kufyeka misitu. Inazuia joto lisitoke, kama blanketi. Mchango wa Afrika nzima tangu mwanzo ni kama asilimia 3 tu. Kwa hivyo kudai walioharibu walipe ni haki yetu.

3/ Lakini hapo ndipo tunachanganya mambo mawili. Gesi ya kaboni haionekani, na hata ikitoka Chicago inaenea dunia nzima. Moshi na masizi hudhuru kwanza walio karibu. Taka zikichomwa Dandora, anayekohoa ni mtoto wa Dandora, si wa Berlin. Huo moshi tutamsingizia nani?

4/ Hao Waingereza wenyewe walifunzwa na msiba. Desemba 1952, London ilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe kwa siku 5. Hesabu za kwanza zilitaja vifo kama 4,000. Watafiti wa baadaye wakafikisha kama 12,000. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya hewa safi: maeneo fulani yakapigwa marufuku kutoa moshi, na wenye nyumba wakasaidiwa gharama ya kubadilisha meko. Shikeni hilo neno: wakasaidiwa.

5/ Njooni sasa kwetu. Tangu miaka ya 1920, petroli ilikuwa ikitiwa madini ya risasi ili injini zisigonge. Magari yakawa yanatema sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa. Kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka, Kenya ikiwemo. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza 2021. Hakuna dereva wa matatu aliyebembelezwa abadilike. Sumu iliondolewa kwenye pampu, kwisha.

6/ Halafu Lamu. Mwaka 2016 mradi wa stima ya makaa ya mawe, karibu megawati 1,000, ulipewa leseni ya mazingira. Wakaazi wakapinga, na Juni 2019 jopo la kuamua kesi za mazingira likafuta leseni hiyo. Sababu mojawapo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tuliambiwa ni makaa ya mawe ama giza. Ati giza, na Olkaria inatoa stima kwa mvuke wa ardhini tangu 1981!

7/ Sasa tuingie jikoni, mahali ambapo siasa hazipendi kuangalia. VAT ya gesi ya kupikia iliondolewa 2016. Julai 2021 ikarudi, asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 8. Mwaka 2023 ikaondolewa tena. Rangi za vyama msiniulize, hesabuni miaka tu. Mtungi wa kilo 6 ukipanda bei, mama wa mtaani anarudi kwa jiko la makaa. Miti inakatwa, na moshi unamwingia yeye na mtoto aliyembeba mgongoni. Ni kweli gesi nayo inatoa kaboni, lakini haijazi nyumba moshi.

8/ Nimeangalia visa vyote hivi, na funzo ni moja. Hewa husafishwa na uamuzi kuhusu kinachouzwa, bei yake na nani anasaidiwa kubadilika. Kupanda miti ni kuzuri, nami naunga mkono. Ila mti hauondoi moshi ulio ndani ya jikoni, wala haupunguzi bei ya mtungi.

9/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu, msimuulize kama anapenda mazingira. Wote wanapenda. Muulizeni:
– VAT ya gesi itabaki sufuri miaka yote mitano?
– Taka za mji zitapelekwa wapi zisichomwe?
– Magari yanayotoa moshi mweusi yatapimwa na nani, na mwenye gari atasaidiwaje?
– Stima mpya itatoka wapi?

10/ Na asiwaambie hayo ni mambo ya wasomi. Kifungu 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia. Deni la joto tuwadai wenye viwanda vikubwa, tena kwa sauti. Lakini moshi wa Dandora na wa jikoni kwetu, huo tunawadai tunaowapigia kura.

Mwisho wa uzi. Kwenu, maswali hayo manne mgombea gani ameshayajibu?