Toba Inayolipa: Zakayo, Uamsho wa Afrika Mashariki na Ufuasi wa Kila Siku

Mkristo akitaka kujua kama anayaishi mafundisho ya Yesu, aghalabu hujipima kwa ibada: amesali mara ngapi, ametoa sadaka kiasi gani. Mathayo 5 inampa kipimo kingine. Mwabudu anayekumbuka akiwa madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake anaagizwa aiache sadaka palepale, aende kwanza kupatana naye. Makala haya yanadai kwamba kumrudishia mtu haki yake ni sehemu ya toba yenyewe, na kwamba toba isiyofika mfukoni haijakamilika.

Mfano ulio wazi zaidi ni Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, katika Luka 19. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumlipa mara nne kila aliyemtoza isivyo haki. Torati ingemtoa kwa nafuu zaidi. Kwa mujibu wa Hesabu 5, aliyeungama alirudisha alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Malipo ya mara nne, katika Kutoka 22, ni adhabu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Zakayo hakukamatwa na mtu, lakini alijihukumu kama mwizi aliyekamatwa. Hata hivyo hakununua wokovu, kwa kuwa Yesu alikwisha kujialika nyumbani kwake kabla hajaahidi hata senti moja. Neema ilitangulia, malipo yakafuata.

Mpangilio huo uliishi upya katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Chimbuko lake huhusishwa na kukutana kwa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church huko Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na pia na hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Katika miaka ya 1930 na baadaye ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hadi kwa Walutheri wa Bukoba. Balokole, yaani waliookoka kwa Kiganda, hawakuishia kuungama mbele ya ushirika. Walirudisha vitu walivyowaibia waajiri, wakalipa madeni ya zamani, wakawaendea waliowakosea kuwaomba radhi. Kwao, kutembea nuruni kulikuwa na anwani: nyumba ya mtu fulani, deni fulani.

Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa utumwa wa sheria. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa, maana anayelipa deni kwa shukrani hafanani na anayelipa ili apendwe. Pingamizi zito linatoka Rwanda yenyewe. Nchi iliyoulea uamsho ilishuhudia mauaji ya kimbari mwaka 1994, na watu wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia. Walikuwepo Wakristo waliokataa chuki na kuwaficha majirani, lakini hawakutosha. Katika miaka ileile ya 1930, Gahini ilipokuwa ikiwaka, utawala wa Ubelgiji ulikuwa ukiandika Mhutu, Mtutsi na Mtwa kwenye vitambulisho. Toba iliyojua kumshughulikia mwizi wa kitu kimoja haikujua vya kutosha namna ya kuushughulikia mfumo uliowapanga watu kwa madaraja.

Udhaifu huo unadai toba ipanuliwe, wala hautoshi kuifuta. Zakayo mwenyewe hakuwa kibaka wa sokoni. Alikuwa mtumishi wa mfumo wa ushuru, na ahadi yake iligusa kazi iliyomtajirisha. Kwa hiyo mfuasi wa leo anapaswa kuchunguza pia faida anazozipata kihalali machoni pa watu: mizani ya duka lake, chai anayoipokea ofisini, shamba la mjane lililoingia mikononi mwa ukoo wake, mshahara wa msaidizi wa nyumbani unaocheleweshwa mwezi baada ya mwezi huku zaka ikitolewa kwa wakati.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mapadri, wachungaji na walimu wa katekisimu wanaowafundisha waumini kuungama wawafundishe pia kurudisha, na waanze wao na vitabu vya hesabu vya makanisa yao. Nasi tulioajiri watu majumbani, tuwalipe kwanza, kisha ndipo tuipeleke sadaka madhabahuni.